Lenzi Iliyosogeza Kilima cha Kirolirwe

Kijana akinijia na kuniuliza kamera gani ni nzuri, humrudishia maswali. Unataka kumpiga picha nani? Amesimama wapi? Na ukirudi nyumbani, kuna umeme? Wengi hukasirika. Walikuja na jina la kamera waliloambiwa na rafiki, wanataka tu nilibariki. Sibariki kitu. Nendeni mkainunue, muivae shingoni, mzunguke nayo Goma kama ng'ombe aliyefungwa kengele.

Nimeacha kazi hii kabla ya kuota mvi, na najua baadhi yenu mnasema mtu wa umri wangu hana haki ya kujiita mstaafu. Semeni. Niliingia nikiwa na diploma ambayo wino wake haujakauka, nikapiga picha miaka ya vita kati ya Sake, Masisi na Walikale, nikatoka simu zilipofika na kila mwenye kidole akawa mpiga picha. Anayepima kazi hiyo kwa umri wa mtu hajawahi kusimama kwenye kizuizi cha barabara na begi lenye bomba jeusi ndani.

Bomba hilo ndilo lenzi ndefu, ambayo ninyi nyote mnaitamani. Mnaitamani kwa sababu ni ndefu. Sababu nyingine sijaisikia. Mimi nilishushwa nayo kwenye lori karibu na Mushaki. Askari aliitoa kwenye begi kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba nyoka.

"Hii inarushaka wapi?"

"Hairushe, chef. Inaangalia tu."

"Inaangalia mupaka wapi?"

"Mbali."

"Njo mubaya zaidi," akasema; kwake kuona mbali kulizidi kurusha.

Kichwani nilikuwa nimeshapanga majibu ya maswali ambayo askari hakuwa na nia ya kuuliza. Mwishowe niliifunga lenzi kwenye kamera nikampa aangalie mwenyewe. Akaielekeza kwenye kituo cha wenzake ng'ambo ya bonde, akasema, "Analala, ule mushenzi." Akanirudishia begi, akaanza kushuka bondeni na fimbo. Tukapita. Kwa hiyo kama mnaichukua lenzi ndefu kwenye nchi yenye vita, jueni mnabeba kitu ambacho kwa mbali kinafanana na silaha na kwa karibu kinafanana na upelelezi. Wageni waliokuja kupiga picha za wakimbizi walizibeba ndefu kuliko mkono, wakampiga picha mama anayelia kutoka ng'ambo ya barabara ili wasisikie anachosema. Wao walikuwa na gari lenye bendera. Ninyi mna nini?

Lenzi nilizobeba mimi hazikuwa zangu. Zilikuwa za Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka pande za Butembo. Alikuwa na malori mawili ya maharage na duka pale Sake la sabuni, misumari na magodoro, na nyuma ya magodoro alifungua studio. Yeye mwenyewe hakuweza kupiga picha hata ya mlango. Alinunua kamera kama alivyonunua godoro, kwa kuibonyeza.

"Papa," nilimwambia siku ya kwanza, "kwa harusi za kanisani tunahitaji lenzi fupi yenye tundu kubwa la mwanga, milimita hamsini. Ni ndogo, haina zuum, lakini ndani ya kanisa lisilo na taa inaona."

Aliitazama ile ndogo kwenye kiganja changu. "Hii kifuniko ya chupa? Kaka, batu habaangaliake picha. Banaangaliaka apareyi, hii kamera yenyewe. Ukikuja mu fete ya harusi na kitu kidogo vile, watasema Kambale amefilisika."

Basi nikawa nabeba zote tatu. Ndefu nikaifunga kwenye kamera wageni wakiingia, ili Papa Kambale asiaibike. Hamsini nikaitoa mfukoni sala zikianza. Na ile ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, yenye kuona upana mkubwa, nikaitumia kwa kwaya, maana kwaya za Masisi hazijui kusimama ila kwa mstari mmoja mrefu. Mnaona nilichochagua hapo? Sikuchagua kamera. Mwili wa kamera ulikuwa mmoja, mzee, na vifungo vyake vimefutika namba. Mambo ya pikseli mnayobishania hayajawahi kumsaidia bibi harusi hata mmoja. Picha zetu zilitoka kwenye karatasi yenye ukubwa wa kiganja.

Walikale ndiko nilikojifunza kwamba kitu ghali pia huota kuvu. Nilikaa huko msimu mmoja wa mvua, nikipiga picha za vitambulisho kwa wachimbaji. Kila mara nilivua lenzi, nikaifuta, nikaifunika, nikaifunga kwenye nailoni, tena nailoni mbili, kwa kuwa niliogopa unyevu. Kumbe nilikuwa nimeufungia unyevu ndani. Nilipoiinua ile ndefu kwenye mwanga, niliona nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo kama mizizi. Papa Kambale alipoziona aliuliza kama zinapunguza bei. Tangu hapo lenzi zangu zililala ndani ya debe lenye mchele uliokaangwa hadi ukakauka, na mchana wa jua nilizianika zikiwa wazi. Kuvu hupenda giza na mtu mwenye wasiwasi. Jua haliwapendi wote wawili, lakini huwatibu.

Hayo yote mnaweza kuyasahau. Lakini haya ya ng'ombe msiyasahau, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuchagua lenzi ni kuchagua uongo utakaousema.

Kwa wafugaji wa Masisi, ndoa haianzi kanisani. Wazee wa upande wa binti huenda kwa kina kijana kuwatazama ng'ombe wa mahari kwa macho yao: pembe, mgongo, kiwele, mwendo. Ng'ombe hasimuliwi. Lakini vita vilikuwa vimeikata barabara kati ya Kirolirwe na Mweso. Mwanaume akipita aliulizwa ni wa kundi gani, na ng'ombe akipita hakufika. Malori ya Papa Kambale yalipita kwa sababu pande zote zilikula maharage.

Kijana aliitwa Safari, wa Kirolirwe. Mchumba wake Furaha alikuwa Mweso, kwa baba yake mdogo Papa Gaspari, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Kulikuwa na mwanaume mwingine, mfanyabiashara wa madini kutoka Walikale, ambaye alishafika nyumbani kwao mara mbili na pesa mkononi. Pesa haiporwi malishoni, ndivyo wazee walivyoanza kusema. Papa Gaspari alimtumia Safari neno: kama sitawaona ng'ombe kabla ya mavuno ya maharage, binti ataenda Walikale.

Ndipo Safari akafikiria picha. Akamwita kijana mmoja kutoka Goma, mwenye kamera mpya na miwani ya jua. Huyo aliingia katikati ya ng'ombe na lenzi yake pana, akapiga kila mmoja akiwa karibu na pua kiasi cha kulambwa. Lenzi pana ikiwa karibu hukuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma. Picha zilipofika Mweso, Papa Gaspari alizipanga kwenye benchi, akazitazama, akazipanga tena.

"Hii ni ngombe ao ni kiboko?" aliuliza. "Kichwa inafika Goma, matako imebakia Kirolirwe. Mutoto ya watu anataka kuoa na ngombe za magonjwa."

Kijana wa miwani alishachukua malipo na kuondoka. Bila shaka leo anawafundisha baadhi yenu.

Safari akaja Sake kunitafuta. Mavuno yalikuwa karibu. Nilikaa na zile lenzi tatu juu ya godoro la duka siku nzima, nikizigeuza. Ile pana ilishamtia aibu. Hamsini ingesema ukweli, lakini ukweli wenyewe ulikuwa kwamba ng'ombe wa Safari walikuwa wamekonda, maana malisho mazuri yalikuwa upande ambao watu hawaendi. Ile ndefu ingenilazimisha kusimama mbali, na kitu kikipigwa kutoka mbali hujaa, hujikusanya, huonekana kimeshiba. Kwa kweli si lenzi inayofanya hivyo, ni mahali unaposimama. Lenzi hukusukuma tu usimame hapo. Mkikumbuka sentensi hiyo mtakuwa mmenizidi mimi wa siku ile.

Kule Kirolirwe, mama yake Safari, Mama Vestine, hakuhitaji maelezo. Nilipomwonyesha picha za majaribio kwenye kioo cha kamera, aliweka kidole juu ya ile ya lenzi ndefu.

"Piga na hii. Hii inajua kulisha."

"Mama, hii inaongeza kidogo."

"Na vita inapunguza. Sasa batakuwa sawa."

Nilibishana naye moyoni tu. Nilipiga ng'ombe wote sita kwa lenzi ndefu, kisha, kwa kuwa siwezi kufanya kitu kimoja bila kuogopa kwamba kilipaswa kuwa kingine, nikawapiga tena kwa hamsini. Zilipochapwa Sake, za hamsini nikazificha kwenye begi. Zile nzuri nikazipeleka Mweso mwenyewe kwa lori.

Furaha ndiye aliyenipokea uani. Alinitazama nikifuta mikono kwenye suruali.

"Kaka ya picha, ni wewe njo unaoa ao ni Safari? Uko natoka jasho sawa bwana harusi."

Papa Gaspari alizipanga picha kwenye benchi lile lile. Mara hii hakufanya mzaha. Alimtazama Bihogo, ng'ombe mwekundu wa kiza niliyemtajia jina, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamtazama mwenzake, Gaju. Nikaanza kupumua. Kisha akaisogeza picha karibu na uso wake, na kidole chake hakikuwa juu ya ng'ombe. Kilikuwa juu ya kilima kilichokuwa nyuma yao, chenye mikaratusi kileleni.

"Mimi nilizaliwa Kirolirwe," alisema polepole. "Hii kilima iko mbali na kwabo Safari. Ukitoka kwabo unavuka mutoni, unapita kanisa, njo unaanza kuiona vizuri. Lakini hapa inasimama nyuma ya ngombe sawa ukuta. Chini ya hii kilima ni malisho ya patron, ule tajiri. Hizi ngombe ni za patron."

Furaha aliweka chini kibuyu alichokuwa amekishika.

"Alienda kuazima ngombe za muntu apige nazo picha," alisema Papa Gaspari. "Njo mana zimenona. Mwiteni ule wa Walikale."

Fikirini basi. Ile lenzi ilikuwa imenenepesha ng'ombe, sawa, lakini haichagui cha kukisogeza. Ilikuwa imekishika kilima na kukileta hadi zizini. Na mbele yangu alikuwa mtu aliyechunga mbuzi kwenye kilima hicho akiwa mtoto. Wale wa Goma wangeona ni mandhari nzuri.

"Papa," nilisema, "si ng'ombe za patron. Ni lenzi."

"Ni nini?"

Nilimwomba asimamishe mtu mbele ya uzio. Akamsimamisha dada yake, shangazi Dorotea, mama mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Nyuma yake, mbali, lilionekana tangi la maji la hospitali. Nilirudi nyuma hadi barabarani na lenzi ndefu, nikapiga. Kisha nikaja karibu na hamsini, nikapiga tena, Dorotea akiwa na urefu ule ule ndani ya picha. Nikamwonyesha Papa Gaspari. Katika ya kwanza tangi lilikuwa limemwinamia Dorotea begani. Katika ya pili lilikuwa dogo kama kikombe. Halafu nikatoa begini zile picha za ng'ombe nilizozificha. Bihogo yule yule, mti ule ule, na kilima kimerudi kwake ng'ambo ya mto.

Papa Gaspari alizitazama zote kwa muda mrefu. "Kumbe hii kitu inaita kilima, na kilima inaitika."

"Ndiyo, Papa."

"Na huyu Bihogo ya hapa iko na mbavu."

Nikaifunga zipu ya begi.

"Muntu ya kusoma, unisaidie," alisema. "Kama inaweza kuleta kilima, itashindwa kuleta mafuta? Sasa niamini gani? Hii ya uongo munaleta mbele, hii ya kweli munaficha mu begi. Mimi siamini picha tena. Hata moja."

Nilikuwa nimeshinda hoja na kuiua kazi yangu kwa mkono mmoja. Chuoni hili wanaliita maelezo.

Aliyesema ni shangazi Dorotea, akiwa bado amesimama kwenye uzio kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. "Nitaenda mimi."

"Tangu lini mwanamuke anaenda kuangalia ngombe ya mahari?" aliuliza Papa Gaspari.

"Tangu wanaume banaogopa barabara. Maziwa ya ngombe za baba yetu ni nani alikuwa anayatikisa? Wewe ulikuwa unajua kunywa tu." Akaniuliza mimi, "Ile lori inarudia lini?"

Papa Gaspari aliwaza, kisha akatoa sharti mbele ya wote, na neno likapelekwa kwa Safari: Dorotea akienda badala ya wanaume, basi ng'ombe atakayemwekea mkono atakuwa amepokewa. Hapo hapo atakuwa wa Mweso, hata kama miguu yake bado iko Kirolirwe.

Tulisafiri na magunia matupu. Kwenye vizuizi walimwuliza Dorotea anakwenda wapi, naye akawaambia anakwenda kutafuta maziwa, na kwa upande wake haukuwa uongo. Zizini alimzunguka kila ng'ombe, akawabonyeza mbavu, akawanusa pumzi. Mama Vestine alisimama mbali akiuma ncha ya kitenge.

"Wamekonda," alisema Dorotea.

"Wamekonda," Mama Vestine alikubali. Hakukuwa na lenzi ya kumsaidia.

"Na siye tumekonda," alisema Dorotea, akaweka mkono juu ya mgongo wa Bihogo.

Nilipiga kwa hamsini, nikiwa nimesimama umbali ambao mtu husimama akizungumza na mwenzake. Kila ng'ombe na mkono wa Dorotea mgongoni. Sasa sikilizeni, hili ni la kazi: picha haina kipimo mpaka uweke ndani yake kitu ambacho mtazamaji anakijua. Mweso hakuna aliyemjua Bihogo, lakini kila mtu alijua kichwa cha Dorotea kinaishia wapi. Wakitazama kitambaa cha kijani na mgongo wa ng'ombe, walijua ukubwa wake bila kumwuliza mtu. Mnapopiga nyumba, mto au daraja lililovunjika, simamisheni mtu anayejulikana. Hiyo haiuzwi dukani, ndiyo maana hamjawahi kuisikia.

Papa Gaspari alikubali. Harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno vita vilifika Kirolirwe. Watu walikimbia na walichoweza kubeba, na ng'ombe habebwi. Mama Vestine na Safari walifika Mweso kwa miguu, pamoja na mamia ya wengine, bila mkia hata mmoja. Na yule mwanaume wa Walikale, ambaye habari humfikia haraka kuliko gari, alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la Papa Gaspari. Mimi niliitwa nije na zile picha. Njia nzima nilijiuliza kwa nini wanazitaka, na nikapata majibu kumi, yote mabaya.

Safari alisimama uani, ameshika kofia. Alisema hana tena kitu cha kutoa, na kwamba hatamlaumu mtu.

Papa Gaspari hakumjibu. Alichukua picha ya kwanza akampa yule wa Walikale. "Huyu mama ni nani?"

"Ni dada yako."

"Mukono yake iko wapi?"

"Iko juu ya ngombe."

Akampa ya pili, na ya tatu, na kila mara aliuliza mkono uko wapi, hadi yule mtu akachoka kujibu. Ndipo akamgeukia Safari.

"Wewe ulishatoa. Wale baliibwa ni ngombe zetu. Siye njo tulinyanganywa." Akazikusanya picha. "Kaa chini, mukwe. Ukisimama vile unatuzibia jua."

Nilipiga harusi yao katika kanisa la Mweso, bila taa, madirisha madogo, mvua juu ya mabati. Hamsini, tundu limefunguliwa lote. Papa Kambale alikuja na lori akanikuta na kile kifuniko cha chupa usoni mwangu, akageuza macho kama mtu aliyemfumania mkewe sokoni amevaa malapa. Picha ni nzuri. Hakuna aliyeniuliza pikseli.

Baada ya chakula Mama Vestine alinishika mkono. "Mutoto yangu, ile ndefu uko nayo?"

"Niko nayo, Mama."

"Banasema inaita kilima na kilima inaitika?"

Nilielewa, na nilitaka kumweleza: milima iliyo katikati, ukungu, kwamba lenzi haioni nyuma ya kitu. Nilikuwa na maelezo mengi na mara hiyo moja sikuyatumia. Tulipanda mahali palipoinuka nyuma ya kanisa, yeye na viatu vyake vya harusi mkononi. Nikaifunga lenzi kwenye kamera, nikamwelekezea upande wa nyumbani kwake Kirolirwe, nikamshikia kamera kwa sababu ilikuwa nzito.

Ninyi huniuliza lenzi ndefu kama ile, milimita mia tatu, hufika wapi. Mnauliza kila wiki. Mama Vestine aliangalia mpaka mkono wangu ukaanza kufa ganzi. Kisha akaondoa jicho, akalifuta kwa kitenge, akavaa viatu vyake.

"Haifike," alisema.